Nimeacha Ugali, Sijaacha Glasi

Najua miongoni mwetu wako wasiogusa kilevi kabisa, kwa imani au kwa uamuzi wao, na sina nia ya kumshawishi hata mmoja wao. Wako pia wanaokunywa, tena hadharani. Nawaomba nyote mnivumilie leo, kwa sababu swali langu halihusu pombe peke yake. Swali ni hili: mtu akijinyima kitu kimoja na kubakiza kingine, tutajuaje kwamba amejinyima kweli?

Miaka michache iliyopita daktari aliniambia nina kisukari cha aina ya pili. Akaniandikia vidonge, akanishauri nipunguze uzito na vyakula vya wanga. Nikarudi nyumbani na juhudi za mtu aliyeokoka jana. Ugali, wali, chapati, viazi, mkate, vyote nikavipiga marufuku kwenye sahani yangu. Hata ndizi. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, na kwa mtu wa kwetu kuacha ndizi si jambo dogo.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimepungua kilo 9. Kwenye harusi na misiba watu wakawa wananiuliza siri. Nami nikawa mhubiri: gramu 100 za unga wa sembe zina wanga gramu 75 hivi, ndugu yangu, hicho ni kifo unachokisonga kwa mwiko! Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Sikuwaambia kwamba Ijumaa ikifika, watu wa nyumbani wakishalala, nilikuwa nakaa jikoni peke yangu na chupa ya wiski.

Sikuona kosa, maana kanuni iliniruhusu. Wiski haina wanga. Nilihakikisha, nikakuta ni kweli. Shayiri imejaa wanga, lakini wanga huo hugeuzwa sukari, sukari ikaliwa na hamira na kuwa kilevi, kisha kilevi hicho huchemshwa na mvuke wake kukusanywa. Sukari iliyosalia haipandi na mvuke, inabaki chini kwenye pipa. Ndivyo ilivyo kwa pombe kali zote zisizoongezwa kitu, hata gongo. Bia ni habari nyingine, inabaki na wanga wake. Mvinyo mkavu una sukari kidogo. Ukichanganya wiski na soda ya kawaida, umeirudisha sukari yote uliyoikimbia. Basi mimi nikanywa kavu, na barafu, nikajiona mtu wa nidhamu.

Wala si mimi niliyeivumbua njia hii. Mwaka 1863 hapa London, mzika maiti mmoja aitwaye William Banting alichapisha kijitabu kuelezea alivyopungua mwili. Alikwenda kwa daktari wa masikio, William Harvey, kwa kuwa alikuwa hasikii vizuri. Harvey akaona tatizo ni unene, akamwachisha mkate, sukari, viazi na bia. Katika muda wa mwaka mmoja hivi Banting alipungua zaidi ya kilo 20. Jina lake likawa kitenzi: Waingereza wakawa wanasema mtu "anabanti", yaani anapunguza unene. Lakini soma orodha ya mlo wake. Mchana, glasi mbili tatu za mvinyo. Usiku, glasi moja au mbili. Kabla ya kulala, akitaka, bilauri ya jini, wiski au brandi iliyotiwa maji bila sukari. Miaka 100 hivi baadaye, mwaka 1964, Robert Cameron wa San Francisco alichapisha kijitabu cha mlo wa wanga kidogo chenye jina la wazi kabisa, *The Drinking Man's Diet*, mlo wa mwanamume mnywaji. Kiliuzwa kama njugu.

Kwa nini mlo huu umewafurahisha watu kiasi hicho? Nadhani ni kwa sababu unampa mtu vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikai pamoja: sifa ya kujizuia na ruhusa ya kunywa. Anaonekana amejinyima, na jioni glasi yake iko palepale.

Hapa ndipo kosa langu lilipojificha, na nadhani si langu peke yangu. Kanuni yoyote hujibu swali ililoulizwa tu. Kanuni ya wanga inauliza: humu mna wanga? Jibu ni hapana, na ni jibu la kweli. Lakini mimi nililichukua jibu hilo nikalitumia kwa swali jingine ambalo hakuna aliyeliuliza: je, ni vema ninywe? Ni kama mtu anayeruhusiwa kupita barabarani kwa sababu gari lake lina bima, naye akadhani ameruhusiwa pia kuendesha huku anasinzia. Karatasi haikusema uongo. Mwongo ni aliyeishika.

Na mwili una maswali yake. Gramu moja ya kilevi ina kalori 7, wakati gramu ya wanga ina 4. Ini likipokea kilevi hulishughulikia hilo kwanza, na kuunguza mafuta kunasubiri nje kama mgonjwa asiye na miadi. Tena kuna jambo nililopaswa kumuuliza daktari na sikumuuliza. Kazi mojawapo ya ini ni kutengeneza sukari mpya pale chakula kisipoileta. Kilevi huizuia kazi hiyo. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mara nyingi hilo hupita bila kishindo. Kwa mtu anayetumia insulini, au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, kama vyangu, ambaye pia hakula wanga, sukari inaweza kushuka vibaya, hata saa nyingi baada ya glasi ya mwisho.

Siku moja ikashuka. Mke wangu alikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, kama wengi wa dada na wake zetu hapa. Nilikula nyama na mboga, nikanywa, nikalala kwenye kochi. Alfajiri niliamka natetemeka, nguo zimelowa jasho, maneno hayatoki sawasawa. Mwanangu, wakati huo ana miaka 14, alishuka kunywa maji akanikuta nayumba katikati ya sebule. Akanitazama. Kisha akarudi juu akafunga mlango wake.

Alidhani nimelewa. Dalili za sukari kushuka na dalili za ulevi zinafanana mno, hata watu wazima wanachanganya. Baada ya dakika kadhaa, kwa bahati njema, alisikia kitu kinaanguka, akampigia mama yake simu. Mama yake akamwuliza: "Anaweza kumeza?" Akasema ndiyo. "Basi mpe juisi, ile yenye sukari, sasa hivi, na usikate simu. Akishindwa kumeza, tunawapigia gari la wagonjwa." Nikapewa juisi ya machungwa na mtoto ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu.

Alipokuja kuniomba radhi, jioni yake, nilijua kwamba radhi inatakiwa itoke kwangu. "Baba, nilifikiri ni kama siku zote," alisema. Siku zote! Nilikuwa nakunywa watu wakishalala, nikadhani nimelala peke yangu na siri yangu. Kumbe mtoto alishajifunza kupita kimyakimya. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kilio changu kilikaribia kuwa cha kweli.

Ndipo nikaanza kuhesabu upya, safari hii si gramu. Niliacha nini, na nikabakiza nini? Niliacha ugali, yaani chakula ambacho sisi wanne nyumbani tulikuwa tunakula sahani moja, siku za Jumapili, kwa mkono. Tangu nianze mlo wangu, nilikuwa na sahani yangu pembeni, na mke wangu aliyetoka kazini amechoka akawa anapika mara mbili. Mama yangu kule Moshi akiniuliza kwenye simu "Umekula nini, mwanangu?" nikawa namjibu kwa mkato, maana jibu la kweli lingemsikitisha. Hivyo vyote nilivitoa sadaka bila kusita. Nilichobakiza ni kile nilichokuwa nacho peke yangu jikoni usiku. Gharama ya mlo wangu waliilipa wengine. Ruhusa ilikuwa yangu.

Nakumbuka mbege ya kwa babu. Ndizi zilizoiva na ulezi, wanga mtupu kwa kanuni zetu za leo. Anayekukaribisha alikuwa anaonja kwanza mbele yako, kisha kata inakwenda kwa mkubwa, ndipo inazunguka. Sisemi wazee hawakulewa. Walilewa, na wengine waliwatesa wake na watoto wao. Lakini aliyekunywa alionekana. Mtu akizidisha, kulikuwa na jicho la kumwona na ulimi wa kumwambia. Wiski yangu haikuwa na wanga, wala haikuwa na shahidi.

Msomaji anaweza kuniuliza: basi unasema mlo wa wanga kidogo ni mbaya? Hapana. Umenisaidia, sukari yangu imetulia, na bado naufuata, ingawa sasa kwa kushauriana na daktari, aliyenibadilishia vidonge nilipomweleza ukweli wote. Unasema kila anayekunywa glasi ni mwongo? Hapana pia. Madaktari wakuu wa Uingereza, tangu mwaka 2016, wanashauri wanaume na wanawake wasizidishe yuniti 14 kwa wiki, yaani kama nusu ya chupa ya wiski ya mililita 700. Mimi nusu hiyo nilikuwa naimaliza Ijumaa na Jumamosi. Kila mtu na hesabu yake.

Ninachosema ni kidogo zaidi ya hapo. Ukitaka kujua kama umejinyima kweli, usiangalie ulichokiacha tu, maana hicho tunakitangaza wenyewe. Angalia ulichokitafutia ruhusa. Sikuhitaji kitabu cha mwaka 1863 wala cha mwaka 1964 kunihalalishia mchicha. Nilitafuta ushahidi kwa ajili ya kitu kimoja tu, na kule kutafuta kwenyewe kulikuwa jibu.

Siku hizi Jumapili nakaa tena kwenye sahani ya pamoja. Namega tonge mbili ndogo, nazihesabu, mboga najaza. Mwanangu ananitania kwamba namega kama bibi harusi. Chupa haiko jikoni tena. Hakuna aliyeniomba niitoe. Niliimwaga kwenye sinki mchana, mke na watoto wapo, kwa sababu usiku ningejishawishi.

Alamsiki.