Nguvu Asizozitumia
Saa hizi za asubuhi kule Kaptagat, Kenya, kwenye nyanda za juu zenye baridi, wakimbiaji wameshaingia barabarani. Huko ndiko mkimbiaji wa marathoni Eliud Kipchoge alikojiandaa kwa mbio za Vienna, Oktoba 2019, alipomaliza kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Alikuwa tajiri tayari, ana familia Eldoret, lakini siku za wiki alilala kambini, na zamu ya kusafisha vyoo aliishika kama wenzake.

Hilo wengi wanalisifu. Linalonigusa mimi ni jingine: mazoezini hakimbii kwa nguvu zake zote. Siku ya mbio nyepesi huanza taratibu kwelikweli. Kuamka alfajiri ni kugumu, naam, lakini kuwa na nguvu usizionyeshe kunataka moyo mkubwa zaidi.

Watu wenye moyo huo tunao mitaani. Mama ntilie aliyeuza vizuri sikukuu nzima, na hela ya mtaji hajaigusa. Kijana aliyetukanwa kwenye daladala, jibu analo mdomoni, akanyamaza. Hakuna anayewapigia makofi. Asubuhi hii nayapiga mimi.