Nani Amekuruhusu Kuipunguza?

Mzee wa kanisa alisikiliza wimbo mara mbili katika chumba changu cha mabati hapa Mashimoni, Kibera, akavua vipokea sauti, akaniuliza, "Kijana wangu, ngoma ile alipigiwa Mungu. Nani amekuruhusu kuipunguza?"

Kwaya ya kanisa lake hupiga isukuti, ngoma za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambazo dansi yake UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma hizo hupigwa tatu pamoja: kubwa, ya kati na ndogo. Siku niliyowarekodi, kubwa ilipigwa na fundi wa mjengo, ndogo na binti wa miaka 11. Nilikuwa na maikrofoni mbili tu kwa kanisa zima, na katika rekodi binti hakuwapo.

Nikaweka kompresa, inayobana sauti kubwa, nne kwa moja: pigo likivuka kiwango nilichoweka kwa desibeli 8, linatoka limekivuka kwa 2 tu. Kisha nikapandisha sauti yote, binti akasikika. Nilijiona nimetenda haki. Si Yesu aliihesabu sadaka ya mjane kuwa kubwa kuliko za matajiri?

Lakini kompresa haimjui mjane. Inajua desibeli. Aliyepiga kwa majivuno na aliyepiga akilia, kwake ni kiwango kimoja. Tena mkubwa aliposhushwa, binti hakupanda peke yake. Ilipanda mvua juu ya mabati, kikohozi cha mtu, na mvumo wa treni. Hivyo nimeviacha, maana ibada ile ilifanyika Kibera.

Wapo wanaosema Mungu husikia bila mitambo. Ni kweli. Ila rekodi tunamfanyia jirani, na Paulo aliwauliza Wakorintho mtu ataitikiaje amina kwa jambo asilolielewa. Ruhusa yangu naipata hapo.

Hata hivyo mzee alikuwa amesikia kosa la kweli. Nilikuwa nimeitega kompresa ikamate ndani ya milisekunde 1. Ngoma hutoa kofi lake mwanzo kabisa, kisha mvumo hufuata. Kompresa ikiwahi mno, hulimeza kofi, na ngoma hulia kama godoro linalokung'utwa. Mvumo ni wa mti, ngozi na chumba, na huo naweza kuushusha. Kofi ni mkono wa mtu. Mkono ule ulikwisha kutolewa sadaka, nami sina haki ya kuukata, hata nikitaka kumsaidia mtoto.

Nimeichelewesha kompresa hadi milisekunde 30 na kuilegeza iwe mbili kwa moja. Mwishoni, ngoma zinapokwenda mbio na kanisa zima limesimama, nimeizima kabisa. Binti anasikika wimbo wote isipokuwa hapo. Tukirekodi tena, nitamwekea maikrofoni yake.