Muhuri wa Halmashauri na Dhima ya Baba

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika mji wa Arusha, chini ya mlima Meru, wamo watu wengi wenye asili ya pwani, na watoto wao hukua huko. Na mwenye kupita katika mitaa ya mji huo, au akaishika njia ya kwendea Tengeru na Usa River, huona vibanda vya michezo vya namna mbili. Namna ya kwanza ni kibanda cha gemu: runinga, mashine ndogo kando yake, na vijana wawili walioshika pedi wakicheza mpira wa picha. Mchezaji hulipa ada, na atokapo hatoki na kitu. Namna ya pili ni mashine ya kutia sarafu, ambayo wengi huiita dubwi: mtu hutia sarafu yake, kisha ama hupata zaidi ya alichotia, ama hukosa chote.

Serikali imezipambanua namna hizi mbili. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeiweka ile ya pili chini ya Bodi yake maalumu, na imemkataza kuicheza aliye chini ya miaka 18. Ama vibanda vya gemu, hivyo vimo katika biashara ambazo Halmashauri ya Jiji huzitazama kwa leseni, na kwa sheria ndogo ambazo imepewa uwezo wa kuzitunga tangu mwaka 1982. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezitwika serikali za mitaa wajibu wa kulinda hali njema ya watoto waliomo katika mipaka yao.

Basi hapa ndipo pazukapo swali. Baba amwonaye mwanawe akiingia kibanda chenye leseni ukutani, je, ametoka katika dhima?

Wako wasemao: ametoka, kwani aliyetoa ruhusa ndiye wa kuulizwa. Na wako wasemao: kila mchezo ni upotevu, na vibanda vyote vifungwe. Na kauli zote mbili zina kasoro.

Ama hii ya pili, imepita kiasi. Imethubutu katika Hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini, na Bibi Aisha akitazama. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amefundisha kwamba mtoto akirudi chuoni apewe nafasi ya mchezo mwema; kwani kumlemeza kwa masomo bila ya mapumziko huufisha moyo wake na kuidumaza akili yake.

Ama ile ya kwanza, jawabu lake limo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wanachuoni wa Kishafii hawakikosi. Humo mchezo wa sataranji umehesabiwa kuwa makuruhu. Lakini ikiwekwa sharti ya mali kutoka pande zote mbili, huwa ni kamari. Ubao haukubadilika, wala vipande vyake. Kilichobadilika ni sharti.

Sasa na atazame baba yanayotendeka kibandani. Mara nyingi vijana huafikiana kwamba atakayefungwa ndiye atakayelipa ada ya wote wawili. Mashine ni ile ile, leseni ni ile ile, na mwenye kibanda hupokea fedha ile ile. Lakini kila mmoja ameiweka mali yake katika khatari ili aponee kwa khasara ya mwenziwe. Mtu akisema kwamba fedha hiyo ni kidogo, jawabu ni kwamba uchache haugeuzi hukumu. Na akisema kwamba mwenye kibanda hana budi kulipwa, basi na alipwe: kila mchezaji atoe fungu lake kabla ya kushika pedi, na sharti hiyo iondoke. Kwani aliyezoea kucheza kwa ada leo, kesho hucheza kwa soda, na kesho kutwa njia ya kwendea dubwi humwia nyepesi.

Nchi ya Ugiriki imetoa funzo katika jambo hili. Mwaka 2002 ilitunga sheria ya kukataza michezo yote ya mashine za umeme katika mahali pa watu wote, hata isiyo na kamari, kwa kuwa ilikuwa vigumu kuipambanua. Mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ikahukumu kwamba katazo hilo limevuka mpaka. Sheria itazamayo mashine ama huzidisha, ama hupunguza. Kwani kamari haimo katika chuma, imo katika mapatano ya wachezaji.

Wala haya si kuidharau Halmashauri. Imamu Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, ameeleza kazi ya msimamizi wa soko, na hapana mji ulionyooka bila ya kazi hiyo. Halmashauri ikipanga saa za kufungua, au ikimkataza mwanafunzi wakati wa masomo, yapasa itiiwe na isaidiwe. Na mwenye nyumba apangishaye fremu akumbuke kauli ya mafakihi juu ya kumwuzia zabibu mtu ajulikanaye kuwa atazifanya mvinyo: mwenye kujua ni mshirika. Akijua kwamba fremu yake itawekwa dubwi, kodi yake si safi, hata ikiwa na risiti.

Lakini mtendaji wa mtaa huiona leseni ukutani; hasikii wanayonong'onezana vijana wawili kabla ya mchezo kuanza. Hayo ayawezaye ni baba, ambaye Hadithi mashuhuri imemfanya mchunga na mwenye kuulizwa. Basi asisimame njiani akausoma muhuri, akaenda zake. Aingie ndani, akae karibu na mwanawe, amwulize kwa upole: "Mwanangu, anayefungwa hulipa nini?" Jawabu la mtoto ndilo litakalomjulisha baba hukumu ya kibanda kile.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, na kwake ndiko kuliko taufiki.