Mjusi Huyu Ananidai Nini?



Leo naomba tuzungumze kuhusu mjusi. Najua kuna atakayesema huyu ndugu yetu Houston imemchanganya. Subirini kidogo. Swali lenyewe ni hili: ukikubali kumtunza kiumbe bila kufikiri, halafu akawa mzigo, mkali, asiye na shukrani hata chembe, je, bado unadaiwa? Na unadaiwa mpaka lini?

Nilikuwa nakaa nyumba moja na Mmarekani mmoja tuliyesoma naye chuo. Alikuwa na iguana, mjusi wa kijani wa Amerika ya Kati na Kusini, mla majani. Alimnunua akiwa mwembamba kama kalamu. Mimi nilipomkuta alikuwa na urefu wa mita 1.5 kutoka puani mpaka ncha ya mkia, na uzito wa kilo 5. Desemba 2019 mwenzangu akapata kazi jimbo lingine, akaniomba nikae na mjusi wiki 2 tu, akishapanga nyumba atamfuata. Nikasema hakuna shida. Hilo neno "hakuna shida" sisi Watanzania linatoka mdomoni kabla kichwa hakijasikia.

Wiki 2 zikawa mwezi. Ujumbe ukawa haujibiwi. Halafu ikaja korona, na mimi na mjusi tukafungiwa ndani pamoja.

Nilimpa jina la Pilato, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuingia kwenye beseni la maji na kukaa humo akituangalia kama vile hayamhusu. (Na beseni hilo hilo ndiyo choo chake, samahanini mnaokula.) Dume la iguana lina msimu wake wa kutafuta jike, na kwa wengi wanaofugwa huku msimu huo huangukia miezi ya baridi. Shingo na miguu inaingia rangi ya chungwa, anatikisa kichwa juu chini, anajibenua ubavu ili aonekane mkubwa, na mkia unakuwa fimbo. Januari ile ya kwanza nilikuwa nampelekea chakula, sikumchokoza. Alining'ata kati ya kidole gumba na cha shahada, nikashonwa nyuzi 4. Wiki moja baadaye akapanda begani kwangu akalala kama mtoto mchanga. Usidanganyike, hakuwa anaomba msamaha. Bega langu lina joto, basi.

Nimekaa sana na hilo la bega. Mbwa ukimlisha anakupenda, na wewe unajiona mtu mwema. Huyu hanipi hata hiyo. Kwa hiyo kama nadaiwa kitu, deni halitokani na upendo wake kwangu. Linatoka wapi basi?

Jibu nililipata kwenye taa. Mjusi huyu hawezi kujitengenezea joto, na asipopata joto hata chakula alichokula hakimeng'enywi. Zaidi ya hapo, ngozi yake inahitaji ule mwanga wa jua usioonekana kwa macho, wa urujuanimno, ndipo mwili utengeneze vitamini D ya kumsaidia kutumia madini ya chokaa. Asipoupata, mifupa inalainika, taya linavimba, miguu inapinda. Kumweka dirishani hakusaidii, kwa sababu kioo kinazuia mwanga huo. Ndiyo maana kuna taa maalumu, na taa hiyo lazima ibadilishwe kila baada ya miezi kadhaa hata kama bado inawaka, kwa sababu sehemu inayomfaa huisha kabla ya ile tunayoiona sisi. Sasa fikiria. Porini asingemhitaji mtu yeyote. Jua lilikuwa lake bure. Sisi binadamu ndio tuliomweka chumbani, tukamzimia jua, halafu tukaanza kulalamika kwamba taa ni ghali. Si mimi niliyemfunga wa kwanza, ni kweli. Lakini ufunguo wa chumba uko mfukoni kwangu.

Mama yangu, aliyeko Moshi, haoni hivyo. Siku moja kwenye simu ya video alimwona Pilato nyuma yangu.

"Mwanangu, hilo si kenge?"

"Siyo kenge mama, ni iguana."

"Haya, kenge wa Kizungu. Anakula nini?"

Nikamwambia ukweli: sukuma wiki, na majani mengine. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Unamnunulia kenge sukuma, na mdogo wako ada ya muhula bado nusu."

Jamani. Mama aliongea kama Katekisimu bila kuishika mkononi. Ukifungua namba 2415 mpaka 2418 utakuta mambo mawili yamewekwa jirani: kwamba kuwatesa wanyama bila sababu ya lazima ni kinyume cha heshima ya binadamu, na kwamba haifai kuwatumia wanyama fedha ambayo ingepaswa kwanza kupunguza taabu za watu. Wengi tunachukua moja tunaacha nyingine. Mpenda wanyama anakumbuka la kwanza, asiyewapenda anakumbuka la pili. Mimi mwezi ule nilikuwa nimenunua taa ya dola 40 nikachelewesha ada. Nilikosea mpangilio, na sijitetei. Baadaye nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, nikaona kuna kifurushi cha mpira nilichokuwa nalipia kila mwezi na hakuna aliyekuwa akikitaja, si mama wala dhamiri yangu. Nikakiacha. Ada ikaenda, taa ikabaki.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe 15 Februari 2021, umeme ulikatika. Mliokuwa Texas mnaukumbuka ule wiki wa barafu. Mamilioni ya watu walikaa gizani, mabomba yakapasuka, na watu zaidi ya 200 walikufa. Nyumba yetu kila kitu ni umeme: jiko, joto, taa za Pilato. Mpaka saa sita mchana chumba chake kilikuwa nyuzi 8. Alikuwa amegeuka rangi, mweusi mweusi, amenyooka kwenye tawi lake kama kipande cha kuni. Nilimgusa, hakutikisika. Yule aliyenipasua mkono sasa ningeweza kumkunja kama mkeka.

Nikafunga mlango wa chumba chake, nikaenda kukaa sebuleni na blanketi 3.

Nawaambia nilichokuwa nawaza. Niliwaza kwamba ikifika jioni nitakuwa mtu huru. Hakuna atakayenilaumu. Sijamtupa, sijampiga, baridi imemchukua. Na nikasema kwa sauti, peke yangu pale sebuleni: "Ni mapenzi ya Mungu." Tuwe waangalifu na sentensi hiyo, hasa tunapoisema tumekaa. Jina la Pilato nililitoa kwa utani, na siku hiyo aliyenawa mikono alikuwa mimi.

Saa tisa alasiri mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa chini, bibi mmoja wa Nicaragua tunayepishana naye kanisani, Misa ya Kihispania ikiisha ya kwetu ikianza. Bomba lake lilikuwa limepasuka, sakafu yote maji. Nikampa blanketi moja, akakaa. Tunaongea Kihispania changu cha kuokoteza na Kiingereza chake cha kuokoteza. Baada ya muda akauliza, yule mnyama yuko wapi? Nikamwonyesha.

Akamshika kichwa kwa vidole viwili. Akaniambia kwao wakati wa Kwaresima huyu anapikwa supu, kwa sababu hahesabiwi kuwa nyama. Jumatano ya Majivu ilikuwa keshokutwa yake. Nikacheka, nikamwambia, basi bibi, mchukue.

Yeye hakucheka. "Una njaa?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini unamuua?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mtu aliyekula iguana tangu utoto ndiye aliyeniuliza. Kwake kumla mnyama kwa ajili ya chakula ni jambo moja, na kumfungia mlango kwa sababu umemchoka ni jambo lingine kabisa.

Gari langu lilikuwa na mafuta robo tangi, limeegeshwa nje mahali pa wazi. (Nasema nje kwa makusudi. Siku zile watu Houston walikufa kwa hewa ya sumu kwa kuwasha magari ndani ya gereji na majiko ya mkaa ndani ya nyumba.) Nilimtia Pilato ndani ya foronya, nikamweka tumboni chini ya koti. Bibi akakaa kiti cha mbele na shali yake, tukawasha injini dakika 20, tukazima, tukawasha tena. Tulifanya hivyo mpaka usiku, na kesho yake tena.

Katika lile gari, joto lilikuwa la bibi kwanza. Kama kungekuwa na nafasi moja tu, angekaa yeye na Pilato angebaki, na nisingekuwa na la kuungama. Lakini nafasi ilikuwepo. Hapo ndipo nilipomwelewa Yuda kule Bethania, alipouliza kwa nini yale marhamu hayakuuzwa wapewe maskini. Hoja yake ilikuwa nzuri, ila maskini hawakuwemo moyoni mwake. Mimi nami sebuleni nilijiambia kwamba watu wanakufa mjini, nani atahangaika na mjusi? Na wakati nasema hivyo sikuwa nimeshuka ngazi hata mara moja kumwangalia bibi wa chini.

Jumanne mchana foronya ikatikisika. Nilipofungua kidogo nione, alinipiga mkia usoni. Bibi alicheka mpaka akalia. Jumatano hatukupakwa majivu, kanisa lilifungwa kwa barafu. Umeme ulirudi jioni.

Ncha ya mkia wake haikupona. Ilikauka ikawa nyeusi, daktari wa mifugo akaikata, kama sentimita 10. Nikiitazama naona zile saa tatu nilizofunga mlango. Niliungama kanisa lilipofunguliwa. Padre hakucheka, aliniuliza tu nani mwingine nimewahi kumfanyia hivyo, na hilo sitaliandika hapa.

Mnaniuliza kwa nini nisimpe mtu mwingine. Nimejaribu, na sioni dhambi kumkabidhi kwa atakayemtunza vizuri kuliko mimi. Wanaopokea wanyama wa aina hii niliowaandikia wamejaa, maana madume yaliyokua ndiyo watu wanayakimbia. Kijana mmoja alimtaka. Nikaenda kwake kuona, nikakuta tangi la samaki ambalo Pilato asingeweza hata kugeuka ndani yake. Nikamshukuru nikarudi. Na kumwachia porini ndiko kule kule kunawa mikono. Huko Florida iguana waliotoroka au kuachwa wamejaa mpaka tangu 2021 imekatazwa kuwafuga hivi hivi, na Januari 2020 idara ya hali ya hewa ya Miami iliwatahadharisha watu kwamba mijusi hao wanaweza kuanguka kutoka mitini kwa baridi.

Iguana akitunzwa anaweza kufika miaka 20. Huyu bado hajafika nusu.

Bibi huja Jumamosi na maua mekundu ya hibiskasi kutoka uani kwa mwanawe. Pilato anayachukua mkononi mwake polepole, moja baada ya jingine, akifumba macho. Mimi nikinyoosha mkono anavimbisha shingo. Taa inatakiwa kubadilishwa Juni. Nimeandika kwenye kalenda, mstari mmoja chini ya ada.