Mto Uliotakata Kabla ya Kupona

Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, hauna bahari. Lakini mito ya Musonoi, Luilu na Lualaba ina ukingo unaozama wakati wa mvua na kuanikwa juani wakati wa kiangazi, kama ufuko kati ya maji kujaa na kupwa. Ukingo huo ndio ghala la madhambi ya mgodi.

Kwa miongo kadhaa kinu cha Kolwezi kilimwaga mabaki ya mawe yaliyosagwa katika bonde la Musonoi. Tope hilo lilibakiwa na shaba na kobalti nyingi kiasi kwamba tangu 2018 kampuni ya Metalkol inalichimba upya. Taka hiyo ina utajiri unaoshinda migodi mingi duniani, nayo ililala kando ya maji!

Kosa la watu ni kuupima mto kwa macho. Chukua mfano: tarehe 18 Februari 2025, ng'ambo ya mpaka nchini Zambia, bwawa la taka la kampuni ya Sino-Metals huko Chambishi lilibomoka, na maji ya asidi yaliyokadiriwa mwanzoni kuwa lita milioni 50 yakaingia kijito cha Mwambashi hadi mto Kafue. Serikali ya Zambia ilimwaga chokaa mtoni, hata kwa ndege. Ilibidi. Chokaa huvunja ukali wa asidi, shaba ikagandamana na kuzama. Haitoweki. Ukichota maji utayaona yametakata, kumbe sumu imehamia kwenye tope, na asidi nyingine ikija itaipandisha tena.

Matete nayo hulaghai. Huota hata penye tope la shaba, kwa hiyo ukingo unaweza kuwa kijani kibichi huku hauna cha kumlisha samaki. Wazee wanaujua mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba iliyotumiwa kuua konokono wa kichocho. Basi palipojaa shaba, konokono atarudi vipi?

Chanzo cha sumu kizibwe kwanza. Ndipo utelezi wa mwani urudi juu ya mawe, wadudu waufuate, na samaki wawafuate wadudu. Anayemwaga vifaranga vya samaki kabla ya hapo anawapeleka njaani, hata kama picha za sherehe zitapendeza.

Anayetaka kujua hali ya mto aende Septemba, maji yakiwa yamepungua sana, ageuze mawe yaliyo majini ukingoni. Akiyakuta matupu, bila utelezi wala mdudu, wavuvi waambiwe wasubiri. Akikuta uhai, arudi tena Mei, kwani mvua moja kubwa inaweza kuteremsha tope jipya na kuufunika wote.