Karata Tulizoziona

Wapo wapendwa katika usharika wanaosema Mkristo hapaswi kushika karata kabisa. Tunawaelewa. Wameona mshahara wa mwezi ukiishia mezani na watoto wakilala njaa. Sisi nyumbani kwetu Bendera tunacheza, ila tulikubaliana tangu mwanzo: hakuna kuweka fedha, wala soda, wala kuku. Jioni, milima ya Upare ikishatutia kivuli na joto limepungua, tunatandika mkeka na kucheza albastini, wawili kwa wawili. Alama zote ni 120, na upande unaofikisha 61 umeshinda. Tulidhani kwamba tukiondoa fedha, tumeondoa na dhambi.

Jioni moja alitutembelea babu wa jirani, akacheza pamoja na mjukuu wake. Macho ya babu yamefifia. Kila alipotaka kutupa karata alizigeuzia kwenye taa ili azione vizuri, nasi tuliokaa kulia na kushoto kwake tukaziona zote. Tulijua turufu kubwa iko kwake. Tukaisubiri itoke, kisha tukacheza. Tulishinda mara tatu mfululizo. Babu akacheka, akatusifu kwamba tunajua kucheza. Tukaitikia, "Asante, babu."

Baada ya wageni kuondoka tulijitetea. Hatukuiba karata. Hatukukonyezana. Hakuna kanuni inayosema mtu afumbe macho. Mwenye kufunua karata zake, uzembe ni wake.

Lakini katika nchi hii ya mifereji na ndiva, hoja hiyo tunaijua, na tunajua ilivyo dhaifu. Mtu akipitiwa na usingizi usiku wa zamu yake ya maji, nasi tukageuza mfereji uingie shambani kwetu, je, usingizi wake umeyafanya maji kuwa yetu? Hakuna mzee wa mfereji atakayekubali. Udhaifu wa jirani hautupi haki juu ya kilicho chake.

Mtu anaweza kuuliza: mbona mchezo wenyewe ni wa kufichana? Ni kweli, kila mmoja huficha karata zake, na huo si uongo, kwa sababu wote tumekubali hivyo kabla ya kugawa. Tumekubali pia kwamba kila mmoja atacheza kwa karata alizogawiwa, kwa zile zilizokwisha kutupwa, na kwa akili yake. Sisi tulitoka katika makubaliano hayo, tukamwacha babu ndani peke yake. Na sifa alizotupa tulizipokea kama mtu anayepokea chenji iliyozidi dukani, akanyamaza.

Kitabu cha Mithali, sura ya 11, kinaanza na mizani ya hila ambayo Bwana anaichukia. Katika Luka 16:10 Bwana Yesu anafundisha kwamba uaminifu wa mtu katika mambo makubwa huonekana kwanza katika madogo. Je, kuna dogo kuliko mchezo usio na hata shilingi? Ndiyo maana ulituumbua. Hatukuwa na njaa wala deni la kusingizia. Tulitaka tu kushinda.

Kilichotuuma zaidi ni yule mjukuu. Alikaa akimtazama babu yake, na bila shaka aliona macho yetu yanakoelekea. Hakusema neno, maana mtoto hawezi kuwaambia wakubwa kwamba wanadanganya. Ibada ya nyumbani tungemfundisha nini, baada ya somo lile?

Jumapili, baada ya ibada, tulimwendea babu tukamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema alikuwa akijiuliza amezeeka kiasi gani hata afungwe namna ile. Hapo tukajua kwamba tulichomnyang'anya kilikuwa zaidi ya alama.

Sasa taa tunaiweka nyuma yake. Karata ya mtu ikionekana, anayeiona husema papo hapo, "Babu, ficha karata zako." Asiyejua mchezo hufundishwa kabla ya kufungwa, na anayeshinda hambezi aliyeshindwa. Babu hufika karibu kila wiki, na mara nyingi hutufunga. Mjukuu wake ndiye siku hizi anayehesabu alama, za kwao na za kwetu, na hakuna anayezihesabu upya.