Tulifika Salama

Mama niliyembeba Jumapili ile alinilipa shilingi hamsini, akakaza leso iliyomshika mtoto mgongoni, akaniambia, "Asante, mwanangu. Unaendesha kwa uangalifu. Mungu akubariki." Nikaitikia amina. Hakujua kwamba dakika mbili kabla, tukishuka mteremko wa Kangemi kuelekea mtoni, nilikanyaga breki ya nyuma na pedali ikashuka hadi mwisho bila kushika kitu. Tulisimama kwa breki ya mbele, gia ya kwanza na bahati, hatua moja kutoka kwa mkokoteni wa maji. Yeye alidhani nampisha mwenye mkokoteni.

Tangu siku hiyo najiuliza: nilimkosea nini yule mama, ikiwa alifika salama?

Kwanza tuongee mambo ya nduthi, maana kosa langu limejificha humo. Breki ya nyuma ya pikipiki nyingi za hapa kwetu iko ndani ya habu ya gurudumu. Mle kuna vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, mafundi wanaviita shuu. Ukikanyaga pedali, fimbo inavuta mkono mdogo wa chuma, mkono unazungusha chuma kingine ndani, na shuu zinatanuka kusugua ukuta wa habu. Kadiri zinavyolika, ndivyo pedali inavyoshuka. Dawa ya haraka ni nati iliyo mwisho wa fimbo. Unaikaza raundi mbili, pedali inapanda, maisha yanaendelea.

Nilikaza nati hiyo mwezi mzima. Kila nikikaza nilijiona mtu makini, wa kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Kumbe kuna kuziba ufa kwa rangi. Nati haiongezi nyama kwenye shuu. Inaficha tu kwamba nyama inaisha. Nati ilipofika mwisho, jamaa mmoja wa stejini akanifunza ujanja: chomoa ule mkono, uurudishe ukiwa umesogea jino moja. Pedali ikapanda tena. Nikamnunulia chai.

Mwaka 1877 mwanahisabati na mwanafalsafa Mwingereza, William Clifford, aliandika kuhusu mwenye meli aliyejua chombo chake kimechakaa. Akajituliza: si imesafiri mara nyingi na kurudi? Tena Mungu hawezi kuziacha familia zote hizo. Akairuhusu iondoke, moyo ukiwa mweupe kabisa. Meli ikazama. Clifford anasema mtu huyo ana hatia ya vifo vile hata kama aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini. Je, kama meli ingefika? Hatia ni ile ile, anasema, ila tu mwenyewe hangegunduliwa.

Nilipoisoma hoja hiyo mara ya kwanza niliona ni ya kikatili. Mtaani tunahesabu matokeo. Umefika? Basi, poa. Na kuna utetezi wa kweli: gereji inakula nusu siku, na nusu siku ni unga. Sipuuzi hilo. Lakini ufukara ungenitetea kama ningesema, "Mama, breki ya nyuma haiko sawa, hapa tushuke tutembee." Maneno hayo ni ya bure. Sikuyasema kwa sababu nilikuwa nimejipanga nisijue. Kila nilipokaza nati nilinunua wiki nyingine ya kutojua, na anayelipia ni anayekaa nyuma.

Kesho yake nilienda kwa fundi. Kabla hajashika spana aliinama, akaniuliza, "Buda, huu mshale umewahi kuuona?" Kando ya ule mkono kuna kimshale cha kuonyesha shuu zikifika mwisho. Changu kilikuwa kimepita alama. Ujanja wa jino moja uliudanganya mguu wangu, mshale haukudanganyika. Sikuwa nimewahi kuinama.

Akatoa gurudumu. Vumbi jeusi lilimwagika. Shuu moja ilikuwa imelika hadi chuma, na chuma kilikuwa kimeanza kukwaruza habu. Akasafisha, akapaka grisi kidogo tu pale chuma kinapozunguka, maana grisi ikigusa shuu breki inateleza. Akafunga shuu mpya, akaurudisha mkono kwenye jino lake, akapima pedali icheze kidogo kabla ya kushika. Shuu zenyewe zilinigharimu pungufu ya mafuta ya siku mbili.

Nilidhani ataniambia nijaribu. Badala yake akapanda mbele, akasema, "Kaa nyuma."

Tukashuka barabara ya gereji, pole pole kwanza, kisha si pole pole. Nilijua kila nati iliyofungwa. Nilikuwa nimesimama pale nikitazama. Hata hivyo, tulipokaribia matuta niligundua mguu wangu wa kulia unakanyaga kwa nguvu. Pale nyuma hakuna pedali. Kuna kichuma cha kuwekea mguu, na mgongo wa mtu.

Yule mama nimemwona mara moja tangu hapo, akiuza ndizi karibu na steji. Alinipungia mkono. Nikaegesha, nikavua helmeti, nikaenda kumwambia.